"Mimi" ya Mhubiri na "Mimi" Yangu

Wewe unayeshika maiki kama aiskrimu, hebu ishushe kidogo. Ukiibana mdomoni hivyo, kila "p" inalipuka na waumini wa mbele wanadhani unawatemea mate. Acha nafasi ya vidole vinne. Na usisimame mbele ya mhubiri hata siku moja. Simama nusu hatua nyuma yake, upande wa sikio lake zuri, maana kila mhubiri ana sikio zuri na sikio bovu, na ukikosea utakuwa unamnong'oneza ukuta.

Nawaandikia haya ninyi vijana mnaotafsiri mahubiri kwa sababu mwenyekiti wenu ameniomba "mambo ya kuwajenga". Mimi nimetafsiri mahubiri kwa zaidi ya miaka thelathini, Busia, Malaba, Amukura, popote palipopigwa hema. Siku hizi meno ya mbele yamenitoka. "Wokovu" naweza, lakini nikifika "msamaha wa dhambi" napiga mluzi kama polisi wa trafiki. Ndiyo maana nimestaafu. Angalau hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu.

Hapa kwetu hakuna aliyeniita mkalimani. Hilo ni jina la vitabuni. Waliniita Mdomo ya Pasta. "Mdomo ya Pasta, habari ya asubuhi!" Hivyo tu, mpaka watoto. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikaanza kuitikia, na mwisho nikajivuna nalo. Hapo kwa kujivuna ndipo mambo yalipoharibikia, lakini ngojeni.

Kazi nilifundishwa na Mama Nabwire, muuza mitumba wa karibu na geti la mpaka. Huyo mama alikuwa anasikia Luganda, Kiteso, Kidholuo, Lukhayo, Kiswahili na Kiingereza cha kutosha kumfukuza mkaguzi. Siku za soko aliwatafsiria wachuuzi, Jumapili akawatafsiria wahubiri, na alisema kazi ni moja, tofauti ni kwamba sokoni watu wanasikiliza. Nilikaa naye kwenye marobota ya nguo mwaka mzima kabla hajaniruhusu kugusa maiki.

"Mganda akisema nguo hii ni mbovu," aliniambia, "usimwambie mwenye nguo ati 'anasema nguo yako ni mbovu'. Sema 'nguo hii ni mbovu', halafu angalia kando. Wacha wakosane wenyewe."

"Na akisema 'mimi', Mama?"

"Akisema mimi, sema mimi. Hiyo ya 'anasema, anasema' ni ya watu waoga. Usiongeze, usipunguze. Ukiongeza wewe ni mwizi. Ukipunguza wewe ni mwizi na pia mvivu."

Mkisahau mengine yote, shikeni hilo la "mimi". Mhubiri akisema kwa Kiingereza kwamba alikuwa mlevi, wewe simama uwaambie watu, "Mimi nilikuwa mlevi." Mama mkwe wangu alikaa miaka miwili akiniombea niache chang'aa, na mimi sijawahi kuionja. Hiyo ni hasara ya kawaida ya kazi.

Makosa nilifanya mengi. Mkutano wangu wa kwanza mkubwa, mhubiri alipaza sauti kwamba Mungu ametukomboa, na mimi nikafuata kwa nguvu zangu zote, "Mmekombolewa!" Sasa si mnajua hapa mpakani kitu gani kinakombolewa? Baiskeli. Sukari. Trei za mayai zilizoshikwa na watu wa forodha. Mwanaume mmoja wa biashara ya mayai akasimama katikati ya umati, akauliza kwa uchungu wa mtu anayejua anachouliza, "Na ushuru nani amelipa?"

Watu wakacheka. Mhubiri akaniuliza kuna nini, nikamwambia. Akajibu vizuri, kwamba amelipa Mwana wa Mungu. Nikatafsiri. Yule wa mayai hakukaa chini. "Sawa. Na risiti iko wapi?"

Mhubiri akaomba kwaya iimbe. Nilimsimulia Mama Nabwire kesho yake nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikuwa anapanga suruali za watoto, akasema, "Huyo ndiye alikuwa anasikiliza. Risiti ni vile unaishi Jumatatu." Nikalitia neno hilo kwenye daftari langu la misemo mizuri, nikalitumia kwa miaka mingi kwenye majukwaa, na kila Jumatatu nikaishi nilivyotaka.

Halafu kuna yule pasta kijana wa Busibwabo. Amezaliwa Busibwabo, amenyonya Busibwabo, amechunga mbuzi Busibwabo. Akaenda Nairobi miaka mitano, akarudi kufanya mkutano nyumbani kwao na hataki kuhubiri ila kwa Kiingereza, ati mkutano bila mtafsiri hauna uzito. Mama yake mzazi alikaa kiti cha mbele. Kijana akahubiri, mimi nikamtafsiria mama maneno ya mtoto wake wa tumboni. Alipofika kwenye machozi, akisimulia jinsi mama yake alivyomlea kwa shida, yule mama akanivuta suruali pale chini ya jukwaa akauliza, "Kwani huyu kijana mama yake ni nani? Maskini, ameteseka!"

Mnacheka. Lakini niliwacheka hivyo wahubiri wote miaka nenda rudi, na mtu aliyezoea kusimama nusu hatua nyuma hujiona yeye hahusiki. Nilijua mahubiri ya toba kwa moyo. Mgeni akikohoa tu, mimi nilishajua anakwenda kwa mwana mpotevu au kwa Zakayo. Mke wangu aliniambia siku moja huku akichambua mboga, "Baba Wesonga, Mungu akikuita siku ya mwisho, utamwambia arudie kwa Kiingereza ndio utafsiri?" Nilimwambia asiingilie kazi ya watu.

Sasa nifike kwa Emojong.

Emojong alikuwa fundi wetu wa mitambo ya sauti, Mteso wa upande wa Amukura, mtulivu, mrefu, mwenye masikio yanayosikia waya uliolegea kabla haujakatika. Kiingereza alikielewa kuliko mimi, maana alisoma mpaka kidato cha nne. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya jukwaa na vile vidude vyake, kupandisha na kushusha. Siku moja ya mkutano, asubuhi tukijaribu vipaza sauti, akashusha maiki yangu mbele ya kwaya nzima. Nikamuuliza kwa nini.

"Sauti yako imeshinda ya mhubiri," akasema. "Mdomo, wewe ni tafsiri. Wewe si Mungu."

Kwaya ikaangua kicheko. Wale akina mama wa sauti ya kwanza walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikatabasamu kama Mkristo, ndani nikiwa nachemka kama sufuria ya maharagwe.

Wiki hiyo maiki mbili za kanisa zilikuwa zimepotea. Hakuna aliyejua zilipo. Mchana, mgeni wetu aliyekuwa anahubiri akafumba macho, akainua mkono, akasema kwa Kiingereza kwamba Roho anamwonyesha mtu hapa ambaye ameshikilia kitu kisicho chake. Basi. Hakusema ni nani, hakusema ni wapi. Na jamani, katika mji wa mpakani, unabii wa namna hiyo hauwezi kukosea. Ukirusha kokoto umefumba macho utampiga mtu aliyeshikilia kitu kisicho chake.

Nikafungua kinywa. "Roho ananionyesha mtu hapa," nikasema, "huku kwa mitambo, ambaye ameshikilia kitu kisicho chake."

Huku kwa mitambo. Maneno matatu. Yalinitoka kabla sijayafikiria, na nisiwadanganye: yalikuwa matamu. Kwa mitambo alikaa mtu mmoja tu.

Watu wote wakageuka. Emojong akavua vile vitu vya masikioni polepole, akasimama. Hakumtazama mhubiri. Alinitazama mimi, kwa sababu alikuwa amesikia Kiingereza na alikuwa amesikia Kiswahili, na alijua mahali vilipoachania. Alijaribu kuwaambia wazee wa kanisa, "Mhubiri hakusema hivyo." Wakamwambia tayari anabishana na Roho, na hiyo peke yake ni dalili. Kabla ya Jumapili iliyofuata alikuwa hana kazi kanisani. Kabla ya mwezi kuisha, mke wake Mama Asio, aliyekuwa anauza njugu pale langoni baada ya ibada, alikuwa ameambiwa njugu zake ni za wizi. Binti yao alikuwa amechumbiwa na kijana wa kwaya. Uchumba ukafa kimyakimya. Wakahamia Malaba, Emojong akafungua kibanda cha kutengeneza redio na simu.

Maiki zilipatikana miezi minne baadaye. Zilikuwa chini ya kiti cha nyuma cha pikapu ya kanisa lenyewe, zimefungwa ndani ya joho la kwaya. Kamati ikakutana. Mzee mmoja akasema tumwombe Emojong msamaha. Mwingine akauliza, na kwa kweli lilikuwa swali zito, "Tukisema hana hatia, tutasemaje kuhusu Roho?" Wakaamua jambo hilo liendelee kuombewa. Linaombewa mpaka leo. Na mimi nilikuwa hapo, nimekaa karibu na dirisha. Nilikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyejua kwamba Roho hakukosea, ni mimi. Nikasema amina.

Miaka kumi na moja, vijana wangu. Nilitafsiri toba miaka kumi na moja juu ya jambo hilo. Nikipita Malaba nilivuka barabara nisikutane na kile kibanda, na barabara ya Malaba na malori yake si ya kuvukwa kwa mchezo.

Kisha ukaja mkutano wa Malaba wenyewe, kwenye uwanja ulio karibu na foleni ya malori. Mhubiri alikuwa kijana kutoka mbali, mpole, asiye na mbwembwe, hata kitambaa cha kufutia jasho hakuwa nacho. Nilimdharau kidogo. Ijumaa alasiri akaanza kuhubiri juu ya ushahidi wa uongo, na ghafla akaacha Biblia akaanza kujieleza mwenyewe. Nami, kama nilivyofundishwa, nikasema "mimi" kila aliposema mimi. Mhubiri akilia, wewe usilie, shusha tu sauti. Nikashusha sauti.

"Mimi nilimsingizia mtu," nikawaambia watu wa Malaba kwa spika nne. "Nilimsingizia mbele ya kanisa. Nilimharibia jina, yeye na nyumba yake. Nilijua ukweli, nikanyamaza. Nimeishi na jambo hilo kama mtu mwenye mwiba kwenye unyayo. Leo naomba msamaha."

Sikuongeza neno. Sikupunguza. Ilikuwa tafsiri safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kukasikika kigelegele. Mwanamke mmoja alikuwa anapita kando ya umati na beseni ya njugu kichwani. Aliitua chini akaja mbio, watu wakimpisha, akapanda jukwaani, akampita mhubiri kama anapita mlingoti, akanikumbatia mimi.

"Baba Wesonga!" Alikuwa Mama Asio. "Kumbe una roho! Miaka kumi na moja nimengojea hiyo maneno! Nimekusamehe. Mimi na bwana yangu na watoto yangu, tumekusamehe kabisa!"

Mama Asio hasikii Kiingereza. Alichosikia ni sauti yangu, ikitaja dhambi yangu, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake.

Yule mhubiri kijana akaniinamia macho yamejaa machozi, akauliza kwa Kiingereza mama anasemaje. Fikirini. Nimeshika maiki, mama ananilowesha shati, umati unangoja.

"Anasema amekusamehe," nikamwambia.

Ukilichunguza neno kwa neno, sikukosea. Mhubiri alilia kwa sauti, akamkumbatia mama naye. Nasikia mpaka leo anasimulia kwenye mikutano yake jinsi mwanamke wa Malaba asiyemjua alivyomletea msamaha wa Mungu. Mama Asio alikuwa ananitazama mimi juu ya bega lake, anacheka na kulia pamoja. Vijana walikuwa wamerekodi kila kitu kwa simu. Kufikia jioni video ilikuwa imefika Busia.

Jumapili kamati ikaniita. Nyuso zilikuwa zimekunjamana. Mzee Mdomo, tumesikia umekiri. Kama umekiri, basi wewe ndiye uliongeza? Na kama uliongeza, kanisa lilimfukuza mtu kwa maneno ya nani?

Nikawatazama, wazee wenzangu wote, chai mbele yetu. Nikasema, "Mimi nilikuwa natafsiri tu."

Mngeona walivyopumua! Mmoja alisema Bwana asifiwe. Mwingine akanisogezea mandazi. Nikala mandazi mawili.

Nyumbani nilimwambia mke wangu mambo yamekwisha, nimeeleza kwamba yalikuwa maneno ya mhubiri. Hakunigombeza. Alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, akakunja shati langu, lile lile alilolililia Mama Asio, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hivyo yule mama alisamehe nani?"

Niliona aibu, nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Mama wa watu alikuwa ameacha njugu zake chini akanipa kitu cha thamani kuliko chochote nilichowahi kupewa, na mimi nilikuwa nimekiuza kwa mandazi mawili. Nilitaka kukombolewa bila kutajwa jina. Haiwezekani, nimejaribu kwa niaba yenu.

Wiki mbili zaidi nilizunguka na visingizio. Jumanne moja nikapanda pikipiki mpaka Malaba. Safari hii sikuvuka barabara.

Kibanda cha Emojong kimejaa spika za watu. Anatengeneza za makanisa yote na za msikiti pia. Alikuwa ameinama juu ya amplifaya, mvi zimemjaa. Juu ya paa la mabati alikuwa amefunga tarumbeta kubwa ya kipaza sauti, anaijaribu. Hakuinua kichwa.

"Mzee, umeleta gani imeharibika?"

"Sijaleta kitu, Emojong. Nimekuja."

Hapo akaniangalia. Akanivutia kreti ya soda nikaketi. Akaendelea kugusa waya yake, kisha akasema taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "Wiki mbili sasa mimi na mama hatusikizani kwa nyumba. Yeye anasema ulikiri. Mimi nimemwambia, mama, nimeskia hiyo video, Kiingereza imekuja kwanza, huyo jamaa anatafsiri tu. Akasema hapana, alikiri, aliona macho yako. Akalia. Amenikatalia hata chai." Akaweka bisibisi chini. "Kwa hivyo leo wewe ndio uniambie. Nani ako sawa? Mimi, ama mke wangu?"

Malori yalikuwa yananguruma pale nje. Ningeweza kusema lolote. Fundi mwenyewe alikuwa amenipa njia ya kutokea, safi, ya kweli hata. Kiingereza kilikuja kwanza.

"Mke wako," nikasema. "Mke wako ako sawa. Nilikusingizia, Emojong. Mhubiri hakutaja mitambo. Ni mimi niliongeza, sababu ulinishusha maiki na kwaya ikacheka. Na maiki zilipopatikana nilikuwepo, nikanyamaza. Nisamehe."

Nikadhani atanipiga. Nilitaka anipige.

Akainuka, akachomeka waya, akafuta vumbi kwenye maiki moja kuukuu kwa upindo wa shati, akanipa.

"Ile siku ulisema kwa spika," akasema.

Nikaishika. Nje kulikuwa na wabadilishaji pesa, madereva, akina mama wa ndizi, polisi wawili wamekaa kwenye benchi. Hakuna aliyesimama mbele yangu. Nusu hatua mbele palikuwa hewa tupu, nami nikasimama kama mjinga nikingojea mtu aanze ndipo nifuate. Kisha nikasema. Nikalitaja jina langu, lile la ubatizo. Nikataja jina lake. Nikasema maneno matatu niliyoyaongeza na kwa nini niliyaongeza, na kwamba mtu huyu hakuiba kitu, na mke wake hakuuza njugu ya wizi hata moja. Sauti iligonga mabati, ikaenda juu ya malori, madereva wakatoa vichwa madirishani. Sikuwahi kusikia sauti yangu ikiwa nyembamba hivyo.

Nilipomaliza nilimrudishia maiki. Emojong hakuipokea. Machozi yalikuwa yanamtiririka wazi, hakujisumbua kuyafuta, ila mkono ulikuwa kwenye kitufe cha amplifaya, anapandisha.

"Rudia, Mzee," akasema. "Hiyo imeishia kwa geti. Upande wa Uganda hawajasikia."

Nikarudia.